Rimu za Daimondi Kati na Kingo za Mwendokasi

Watu wengi wakishaegesha gari huhakikisha tu kwamba milango imefungwa. Mwenye rimu za daimondi kati hulizunguka gari lote akiwa ameinama, mkono kiunoni, akikagua rimu moja baada ya nyingine. Wapita njia humpa pole wakidhani kaangusha pesa.

Ana haki ya kuinama. Rimu hizi ni za aloi ya aluminiamu. Kiwandani hupakwa rangi kwanza, kisha hufungwa kwenye mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, na ncha ya almasi ikauchonga uso mpaka aluminiamu tupu ing'ae, yenye mistari myembamba kama ya santuri. Juu yake wanapuliza vanishi isiyo na rangi, basi. Madaha yote yale yamefunikwa na kiwambo kisichozidi unene wa karatasi! Kikichubuka, maji ya chumvi yanapenya chini yake, na vijinjia vyeupe vinaanza kutambaa juu ya aluminiamu. Na sisi tunaishi Dar es Salaam, mji ambao hata upepo wake una chumvi.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliazima gari langu awapeleke wakwe kwenye sendofu Kimara. Anayeijua Barabara ya Morogoro anazijua zile kingo za zege za njia ya mabasi ya mwendokasi. Katika kumkwepa bodaboda, shemeji akausalimia ukingo kwa rimu ya mbele kulia. Aliporudi alinikabidhi funguo kwa mikono miwili, heshima ambayo sijawahi kuiona kwake tangu nilipomaliza kutoa mahari.

"Shemeji, pale mbele kuna kamkwaruzo. Usiku hata hakaonekani."

Kulipopambazuka kalionekana.

Kwa uungwana wake akasema gharama ni juu yake, na fundi anaye. Fundi akaitazama rimu, akacheka. "Hii ndogo, bosi. Daimondi kati tunaipiga hapa hapa." Nikaitafuta mashine kwa macho, nikaona jeki, kipande cha msasa na mwarobaini. Akaliinua gurudumu, akamwamuru kijana wake awashe gari na kuweka D. Rimu ikazunguka, naye kachuchumaa mbele yake, kakunja uso, kaukandamiza msasa kwa vidole viwili. Mistari ikatokea kweli, ila ilipanda na kushuka kadiri kijana alivyokuwa akikanyaga mafuta huku akijibu simu. Akamalizia na silva ya kopo. Mvua za vuli hazijakata, silva ikaanza kubanduka.

Kazi yenyewe haifanywi na gari likiwa limewashwa. Tairi linatolewa, vanishi kuukuu inavuliwa, penye jeraha panajazwa kwa kuchomelea aluminiamu, kisha mashine inaupima uso wa rimu na kukata kiasi kidogo mno kabla ya rimu kupuliziwa vanishi mpya. Kila ukataji unakula aluminiamu, kwa hiyo rimu huvumilia mara chache tu. Anayekuahidi kuikereza kila mwaka anakuuzia rimu inayokonda. Na rimu iliyopinda usikubali ipashwe moto wa gesi na kugongwa nyundo: aluminiamu ikishaungua inapoteza nguvu, na wewe unaipeleka Morogoro kwa mwendo wa 80.

Mimi zangu zote nne nimezipaka kijivu, rangi moja. Hazing'ai, ila nikiegesha naenda zangu mgongo ukiwa umenyooka. Wewe ambaye zako bado zinameremeta, zioshe kwa shampuu ya gari zikiwa zimepoa, na ukimwona kijana wa kuosha magari anakuja na chupa ya dawa ya choo, mdake mkono. Shemeji akija kuazima gari, mpe nauli ya mwendokasi.