Mji Ulioigizwa Bila Kualikwa

Likasi, mji wa madini wa Haut-Katanga nchini Kongo ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, una heshima adimu ya kuigizwa katika filamu bila kusumbuliwa kuhudhuria. The Siege of Jadotville ya mwaka 2016, inayosimulia jinsi askari wa Ireland katika kikosi cha Umoja wa Mataifa walivyozingirwa huko Septemba 1961, ilipigwa Afrika Kusini na kusambazwa na Netflix, kampuni inayoonyesha filamu kwa intaneti, hivyo mkazi anayetaka kuutazama mji wake sharti kwanza apate umeme, kisha bando, kisha subira.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Katika kambi za Union Minière, kampuni ya madini iliyotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, picha zilionyeshwa bure uwanjani, na aliyechelewa aliishia nyuma ya kitambaa, akimwona shujaa wa Marekani akichomoa bastola kwa mkono wa kushoto. Serikali ya kikoloni ya Kibelgiji ilikagua kwa makini filamu za kuonyeshwa Waafrika, isije ngumi ya mzungu kwa mzungu ikamfundisha mchimba shaba hesabu zisizotakiwa.

Baadaye kumbi za sinema za Kongo zilipofungwa moja baada ya nyingine, si chache zilihamia kwa makanisa ya uamsho, yaani madhehebu mapya ya kilokole, ambako kiingilio huitwa sadaka na hukusanywa zaidi ya mara moja katika onyesho lile lile, ubunifu ambao hakuna mwenye sinema aliyewahi kuuthubutu.