Kinyonga Aenda Shuleni

Katika msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, Mwalimu Hondohondo alikuwa na darasa lenye wana wa Kima wengi, wana wa Mbega wachache, na kinyonga mmoja tu. Kila mapumziko Kima wadogo walimbeba yule kinyonga, wakamweka juu ya jani la mgomba, kisha juu ya jiwe, wakiimba: "Geuka tukuone! Wewe huna rangi yako!"

Siku moja alirudi nyumbani amekuwa mweusi tii, mbavu zimembana, mkia ameukunja wote.

Baba akatoa dawa upesi: "Kesho uwe kijani kama majani. Hawatakuona."

"Baba watoto," Mama akasema, "sisi hatugeuki ili tufanane na tawi. Hutugeuza baridi, hasira na woga. Mtoto ametiwa woga, nawe unamwambia ajifiche?"

Kisha akamwuliza mwanawe: walisema nini, nani alikuwapo, mwalimu alikuwa wapi, na wewe unataka nini? Akamsikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa, maana uchungu wao hutangulia kusema. Mtoto alitaka jambo moja: asibebwe tena. Wakafanya mazoezi ya kutamka kwa sauti, "Niteremshe, sitaki," na kwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Mama akamweleza pia kwamba vinyonga wa pembe mbili kama babake ni wenyeji wa Usambara, hawakuja kuomba hifadhi.

Alfajiri Mama na mwanawe wakaondoka. Kwa mwendo wao, walifika saa nne.

"Mama, ule ni utani wa watoto," alisema Hondohondo.

Mama Kinyonga akamtupia mwalimu jicho moja, jingine akabaki nalo kwa mwanawe. "Watani hujibizana, Mwalimu. Mwanangu amemtania nani? Binadamu wa nchi hii waliwahi kugawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Mgawanyo ule ulifutwa mwaka 1962, na ilibidi serikali iufute. Mchezo huu wa mapumziko unakuhitaji wewe."

Mwalimu akamwita Mama Kima, naye akaja juu: "Mwanangu si mbaguzi! Maneno hayo ameyatoa wapi?"

"Nyumbani," akajibu Kima mdogo. "Baba husema hivyo tukila."

Mama Kinyonga akamgeukia mwalimu. "Basi kesho tukutane tena, na baba yake awepo."