Mwongozo Kamili wa Kuua Injini Inayogonga

Injini yako imeanza kugonga? Hongera. Wapo waoga ambao wakisikia mlio huo husimama, humwita fundi, na pengine humaliza shughuli kwa bei ya plagi nne. Mwongozo huu hauwahusu. Ni wa anayetaka kulipia injini nzima.

1. Usibague milio. Wajuzi watakuchosha na maelezo. Watasema mlio mwembamba, kama kokoto kwenye kopo, unaosikika ukikanyaga mafuta kupanda mlima wa Kitonga kwa gia kubwa, unatoka ndani ya silinda: petroli na hewa vinalipuka vyenyewe kwa joto na mgandamizo kabla moto wa plagi haujavifikia. Watasema mlio mzito, go-go-go, unaokimbia kadiri injini inavyokimbia, ni beringi ya konirodi iliyolika. Na ule wa asubuhi, unaopotea injini ikipata moto, mara nyingi ni pistoni iliyolegea. Wewe sema tu "inalia", yatosha.

2. Heshimu taa ya oili. Ile nyekundu imewekwa kupendezesha dashibodi. Wanaodai kwamba presha ya oili imeshuka na vyuma vinasagana hawakutakii mema. Ikiwaka, piga hesabu ya kilomita zilizobaki hadi nyumbani, kisha uziendeshe zote. Stiki ya oili usiichomoe, itakuchafua vidole.

3. Mimina oili nzito. Nafasi iliyolika itajaa, mlio utapungua, beringi itabaki vilevile. Utulivu huo unatosha kumuuzia mtu gari. Ukiwa wewe ndiwe mnunuzi, usiombe kuliwasha likiwa la baridi, wala usiliendeshe hadi oili ipate moto sawasawa. Mkute muuzaji ameshaliwasha, lizungushe uwanjani mara moja, lipa.

4. Chagua fundi kwa makini. Mmoja ni hatari sana kwa mpango wetu. Hulegeza kwanza mkanda wa alternata, asije akailaumu injini kwa kosa la puli. Kisha huchukua bisibisi ndefu, ncha kwenye bloki, mpini sikioni, akaihamisha taratibu kama daktari. Halafu, injini ikiunguruma, huchomoa koili moja moja. Akifika silinda ya tatu mlio ukafifia, ameshajua ni konirodi ipi. "Kaka, tushushe sampo tuone," atakwambia. Mkimbie! Akikuta krenki imekwaruzika kidogo tu, ataipeleka ikachongwe, aweke beringi za saizi ya 0.25 kufidia kilichochongwa, na injini itapona.

Mtafute yule ambaye hujamaliza kufungua boneti ameshajibu: "Bosi, hapa ni injini nyingine tu. Twende Gerezani kwa wauza spea." Huyo hutoa jibu hilohilo hata kwa simu.

5. Kwa mlio wa kokoto, usiguse chanzo. Aina ya petroli iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, namba ya plagi, kaboni iliyoganda juu ya pistoni, rejeta iliyoziba: yote hayo ni mambo madogo, na ndiyo maana yanatibika kwa bei ndogo. Gari lako likiwa na sensa ya kusikia mlio, ile inayochelewesha cheche ili kuinusuru injini, ikiharibika iache hivyohivyo, na taa yake ya onyo izibe kwa kipande cha tepu.

Kunyamazisha mlio kwa gharama yoyote kuna historia ndefu. Mwaka 1921, nchini Marekani, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba risasi ikichanganywa na petroli injini haigongi. Kweli haikugonga, ila moshi wake ulidhuru ubongo wa watoto dunia nzima. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza mwisho wa petroli hiyo kwa magari mwaka 2021. Kwa hiyo dawa hiyo hutaipata, itabidi uiue injini kwa njia nilizokwisha kutaja.

6. Tambua mafanikio. Siku moja patasikika kishindo, kisha kimya. Konirodi imetoboa bloki na oili yote iko juu ya lami. Kata matawi, yapange nyuma ya gari, halafu mpigie fundi wako wa Gerezani. Safari hii atakuwa amepatia.