Mpaka Apone: Barua ya Wazi kwa Bodi za Shule za Kwale

Waheshimiwa Wenyekiti na Wanabodi,

Hongereni. Bila daktari wala duka la dawa, baadhi yenu mmepata tiba ya kifafa: mwanafunzi akianguka gwarideni, anapewa barua akae nyumbani “mpaka apone”. (Bodi ambayo haijawahi kuiandika barua hiyo isijisumbue kusoma zaidi.) Shirika la Afya Duniani, ambalo halijabahatika kuwa na ujuzi wenu, linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazowafaa. Likizo haimo kati ya dawa hizo. Fenobabitoni imo, na kwa kawaida humezwa usiku, nyumbani, wakati shule imefungwa.

Mnasema mnajali usalama. Basi tumfuate mtoto huyo na mkoba wake. Ametolewa darasani, penye mwalimu na wenzake wa kumwona akianguka, akaenda kuchota maji lamboni kule Kinango, kuoga baharini Msambweni, au kuchochea moto mafigani huku mama yuko shambani. Wenye kifafa huungua na huzama. Sijasikia aliyeuawa na chaki. Hatari haikupungua hata chembe. Ilichofanya ni kuvuka ua wa shule, ikawa ya mwingine.

Mtajibu kwamba mwalimu si daktari. Naam, na wala hahitajiki kuwa. Aondoe vitu vigumu, aweke kitu laini chini ya kichwa, amlaze mtoto ubavu, atazame saa. Asimkandamize, asimtie kijiko mdomoni. Mara nyingi mtukutiko huisha wenyewe; ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Povu haliambukizi mtu. Na wenzake wanaodaiwa kuogopa? Mtoto huogopa kile anachomwona mwalimu wake akikikimbia.

Lipo jibu lenu zito zaidi: wazazi wenyewe wanakimbilia kwa waganga kupunga pepo. Ni kweli wengi huanzia huko, na watafiti wa KEMRI pale Kilifi walikuta zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawapati dawa ipasavyo. Lakini barua isiyotaja kliniki yoyote inamtuma mzazi wapi? Mganga amekwisha kumwambia kuwa mtoto ana jambo lisilofaa kukaa mbele za watu. Sasa mwalimu mkuu ameliandika na kulipiga muhuri. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na sikuona humo sharti la kutoanguka.

Ikiwa lazima muendelee, naomba nyongeza moja katika barua zenu: nafasi ya jina na sahihi ya mwanabodi atakayesimama lamboni saa ambazo mtoto huyo angekuwa darasani. Jumamosi apumzike.