Milimita Zangu 9

Wauza mbao wa Buguruni wakikuambia plaiwudi hii ni ya milimita 18, itikia tu, lipa, nenda zako. Usipime. Mimi nikapima. Ikaja 17. Nikarudi kudai milimita yangu, jamaa akanitazama juu mpaka chini: “Mzee, hiyo 18 ni jina tu.” Jina! Kumbe nimelipia jina.

Haya yote kisa boksi la spika. Sabufa za dukani bei haishikiki, na Mangi mwenye duka hakopeshi kitu chenye waya. Ndani nina spika tupu ya inchi 12, imekaa chini ya meza tangu enzi. Nikasema aah, boksi ni boksi. Mbao sita, tundu moja, mchana tumemaliza. Mama watoto akaguna tu. Mguno wake naujua.

Tepu yenyewe ya kupimia mbovu. Ile ndoano ya mbele inacheza, inatoka, inarudi, kama milimita moja hivi. Mimi na vitu vilivyolegea hatupatani, nikaipiga supagluu, ikatulia tuli. Kuanzia hapo vipimo vikawa vinagombana. Nikipima kwa nje napata hii, nikipima kwa ndani napata ile. Fundi mmoja wa Keko alipoiona alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Eti ndoano imelegezwa makusudi! Ukiivuta inatoka kidogo, ukiisukumiza ukutani inaingia, ili unene wake usihesabike. Sasa ndugu yangu, kitu kinatoka kiwandani kimelegezwa makusudi, mimi nitajuaje? Si wangeandika? Hata soda inaandikwa.

Haya. Karatasi ya plaiwudi ina upana wa milimita 1220. Nikagawa kwa 4, zile pande nne za kuzunguka, nikapata 305, hesabu safi, haina chenji. Nikachora mistari mitatu, nikapeleka mashineni. Vipande vitatu vikatoka 305. Cha nne 296. Nikavimba. Nikamuuliza kijana wa mashine, milimita zangu 9 ziko wapi? Hakujibu, akanyoosha kidole sakafuni. Vumbi. Kumbe msumeno nao unakula, milimita 3 kila unapopita. Akaniuliza kama nataka anifungie kwenye kiroba niende nalo nyumbani. Foleni nzima ikacheka. Nikamwambia mimi sibebi takataka, nikaondoka kwa heshima zangu, ubao kichwani.

Nilijua kazi imekufa. Yule fundi wa Keko hata kichwa hakuinua. “Na vile vitatu kata 296.” Nikamwambia kwenye mchoro imeandikwa 305. Akasema boksi halijui kusoma. Vinne vikilingana, linakaa. Vitatu vikiwa sahihi na kimoja kimepungua, hapo ndipo linapoyumba. Akapima kona kwa kona, kisha kona kwa kona upande wa pili, zikilingana basi limekaa mraba. Alipimia uzi. Tepu yangu aliikataa, akaiweka juu kabisa, mbali na watoto.

Na sauti je? Mimi nilikuwa silali kwa ajili ya sauti. Akapiga hesabu kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Boksi la lita 40 hivi, ukikosea milimita 2 kwenye upana, umepoteza kikombe cha chai. Spika yenyewe na sumaku yake ikiingia inakalia nafasi kubwa kuliko hiyo. Zile 9 zangu zote ni lita moja na ushee. “Masikio yako hayawezi kulijua hilo,” akasema, utadhani ameshayapima.

Aibu kubwa ikawa kwenye tundu. Spika ya inchi 12, nikakata tundu la inchi 12. Wewe ungekata ngapi? Nikaipachika, ikadumbukia ndani, puu! Waya tu umebaki nje unachungulia. Kumbe hizo 12 ni mpaka ukingoni, kwenye vitundu vya skrubu. Tundu lake ni kama inchi 11. Nikaulizwa mbele za watu kwa nini sikuipima spika kwanza. Nikajifanya napokea simu. Ikabidi ikatwe pete ya plaiwudi ibandikwe mbele, ndiyo maana boksi langu lina midomo.

Nikapiga gundi, nikakaza skrubu, nikawasha. Na mama mkwe ndiyo siku aliyochagua kuja. Nikamwekea kwaya, kwa adabu. Besi ikagonga. Boksi likasema prrrt. Mama akanitazama. Hakulitazama boksi, alinitazama mimi. Nikahama kiti, nikakaa kule mlangoni, ili ionekane sauti haitoki kwangu. Besi ikagonga tena, prrrt. Akainuka, akafungua dirisha. Nikaanza kumweleza kuwa kuna hewa inavuja. Mama mkwe akasema, “Pole baba, ndiyo ukubwa huo.”

Mwanya wenyewe uko kwenye kona, vocha haipiti. Ukisogeza mshumaa pale muziki unapopiga, mwali unatikisika. Yaani lita nzima ikipotea hakuna anayesikia, mwanya usiopitisha vocha mtaa mzima unajua. Fundi anasema dawa yake si ya dukani: chukua vumbi la msumeno, changanya na gundi ya mbao, shindilia, likikauka piga msasa.

Nikarudi mashineni. Kijana yule yule. Nikamsalimia vizuri, nikamuulizia hali ya nyumbani, nikamuuliza polepole kama lile vumbi langu bado lipo.

Akasema lipo. Kiroba shilingi 2000.