Wasasi Wamepita Tena

Jumamosi
Wasasi wa nguruwe wamepita alfajiri. Nimesikia mbwa kwanza, kisha vijana wakipiga makelele, kisha kishindo cha nguruwe akiteremka kuelekea bondeni. Wote wamekatiza katikati ya muhogo wangu. Matuta ya upande wa juu yamebomoka, na miche ya mikarafuu niliyopanda masika imekanyagwa. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa. Nitapanda mingine, lakini hesabu inaanza upya.

Mbwa wamekunywa maji kwenye ndoo ya kisimani. Nimeiosha mara saba, moja kwa udongo. Jua limenikuta hapo hapo.

Jumapili
Nimewafuata kwa muuza chai, karibu na kituo cha daladala za 502. Wamenipokea kwa adabu, wakanipisha kwenye benchi.

"Bi mkubwa, sisi twasasa nguruwe. Si ndiye anayekumalizia muhogo?"

Ni kweli, nami nimewaambia ni kweli. Nguruwe huku hana mlaji, na asiposaswa tutakuwa tunamlimia yeye. Marehemu baba alikuwa akiwakaribisha wasasi. Lakini wale wa enzi yake walikuja jioni ya kabla, wakabisha hodi, wakaonyeshwa palipopandwa.

"Shamba lenyewe halina ua," mmoja akasema.

Shamba gani la Kidichi au Dole lina ua? Hizi ni eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, mpaka wake ni mnazi na mnazi, na njia ya miguu inapita ndani tangu sijazaliwa. Sijawahi kuifunga wala sitaifunga. Watoto wa chuoni hupita, wakataji majani hupita, wachukuzi wa nazi hupita. Mpita njia hufuata njia. Wao hawakuifuata.

Wamesema wamesikia. Hawakusema watafanya nini.

Jumanne
Mbuzi wa jirani amenaswa mguu kwenye waya wa mtego, kwenye kichaka cha mpakani. Mpwa wangu ameukata waya kwa koleo. Mguu umechanika mpaka kwenye mshipa, na jirani anauliza kwa nini shamba langu lina mitego.

Hili ndilo linaloniuma kuliko matuta. Mbwa huitwa akarudi. Waya hauitwi. Unakaa pale aliyeutega akiwa amelala kwake, unamkamata anayekuja: mbuzi, ngawa, paa, mguu wa mtoto aliyeingia kuokota embe. Paa nunga, ambaye nje ya Zanzibar yupo katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya, huku kwetu haonekani. Huko maweni ya kusini na mashariki alikobaki, adui yake ni huu huu waya na nyavu. Chui wa Unguja naye alisakwa baada ya 1964 kwa kuwa watu waliamini anafugwa na wachawi. Wajukuu zangu wanamjua kwa yule aliyekaushwa, aliyewekwa makumbusho ya Mnazi Mmoja. Sheria ya misitu ipo tangu 1996, na mnyama pori wa Unguja hasaswi bila ruhusa. Nguruwe ni mharibifu, hilo kila mtu analijua. Waya hauchagui.

Jumatano
Mvua. Watalii wa mashamba ya viungo wameingia na kijana anayewaongoza, wakabambua mdalasini. Nimemwonyesha kijana: ukilizungusha ganda lote, mti unakufa. Hakujua. Amenisaidia kufunga pilipili manga zilizoanguka Jumamosi.

Alhamisi
Kwa sheha, mimi, jirani na wasasi wawili. Jirani amezungumza kwa muda mrefu kuhusu mbuzi. Sheha amewauliza wasasi jambo moja tu: kama mashamba ya wazazi wao yanapitwa na mbwa hivi. Mmoja ameinamisha kichwa. Tumekubaliana taarifa itolewe kwa sheha siku moja kabla, mbwa wapitie bondeni, na waya usitumike kabisa. Imeandikwa, tumetia saini. Kuhusu fidia ya mbuzi, jirani na wasasi bado wanavutana.

Jumamosi
Wamebisha hodi baada ya sala ya asubuhi. Nimetangulia mbele kuwaonyesha miche. Nguruwe hakuonekana. Tumezunguka mpakani tukikagua vichaka, wasasi wakikata waya mmoja baada ya mwingine na kuukunja. Uliokuwa chini ya mfenesi, mpya na bado unang'aa, wameapa si wao walioutega. Nimeupeleka kwa sheha kabla ya adhuhuri.