Muulize Shangazi Sikio

Shangazi shikamoo,
Mimi ni kinyozi Karatina. Vijana wanataka gengetone, wazee wanataka Kamaru. Tangazo likikatiza wimbo, mzee anageuza kichwa na mashine inamchimba upara. Nilipie Spotify, Boomplay, au nibaki na YouTube?

Marahaba mwanangu. Chukua daftari, andika nyimbo 10 ambazo wazee wako hawanyoleki bila hizo, kisha zitafute moja moja kabla hujatoa hata shilingi. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Boomplay huenda ilikuja na Tecno yako kutoka dukani. YouTube ina mugithi hadi wa harusi za watu usiowajua, ila bila kulipia ukizima kioo muziki nao unazima, na video inamaliza bando kama chapati mbele ya wageni.

Kamaru alituacha Oktoba 2018. Mjukuu wake, aliyebeba jina la babu kama ilivyo desturi yetu huku Mlimani, huziweka kazi za mzee Bandcamp: unalipia albamu mara moja, unapakua, inabaki yako. Kwingine ni kama nyumba ya kupanga. Usipolipa mwezi ujao, hata ulizopakua zinafungiwa. Lakini soma jina vizuri. Mjukuu naye ni mwanamuziki, anajiita KMRU, na muziki wake ni milio ya mazingira na mitambo. Mzee wa Mathira akiwekewa huo atakuuliza mashine yako imeharibika wapi.

Tena malipo yale ya mwezi ni ya masikio yako peke yako. Kupigia wateja dukani kunadai leseni ya mirabaha. Lakini mimi sikukusikia ukitaja duka.

Shangazi,
Mume wangu anatumia akaunti yangu. Mimi ni wa kwaya hapa Nanyuki, na jana nikiwa na akina mama wa kanisa, programu ikatoka kwenye tenzi ikaingia mugithi wa baa.

Pole mama. Programu haijakosea, inajua tu watu wanaoishi ndani ya simu yako. Mugithi maana yake ni treni, na treni haibagui abiria. Spotify ina mpango wa watu wawili uitwao Duo, kila mmoja na akaunti yake. Sharti lake ni muwe mnaishi nyumba moja. Hebu hakikisha hilo kwanza, kisha ulipe.

Shangazi,
Kijana wa stejini amenijazia flashi nyimbo 2,000. Bado nahitaji hizo programu? – Dereva, Nyeri–Mweiga

Wewe huna shida, mwenye shida ni aliyeziimba. Jaribu Mdundo: unapakua bure, na matangazo yake ndiyo yanayompelekea msanii senti zake. Na besi upunguze. Jumanne nilikuwa kiti cha nyuma.